Waya wa Ngoja

Nyumbani
14 Machi 1993

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Huku sote tu wazima. Goti langu la kushoto linaijua mvua kuliko redio, na juzi limenikosesha zamu moja. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha, ila nimeingiza humo mafuta ya taa na viti viwili vilivyovunjika. Usinune. Ukirudi nitavitoa.

Sasa habari za mtoto wako, maana ile mashine uliyotufungia mwezi wa kwanza ulipokuja likizo ni mtoto wako, kila mtu hapa hospitali anasema hivyo. Zamani damu za wagonjwa wetu zikiondoka na gari asubuhi kwenda maabara ya hospitali kubwa, majibu tuliyangoja siku mbili au tatu. Siku hizi saa tisa alasiri ile modemu inapiga mluzi, kompyuta inawaka, na printa inaanza kutema karatasi, majina na majibu. Marehemu kaka yangu angekuwepo akaona binti yake amefundisha simu kusoma damu za watu, angevimba kichwa asiingie mlangoni.

Karani wetu wa masjala, Mzee Mihuri, yule uliyemkuta akigonga muhuri mpaka kwenye gazeti lake, bado hajaipenda. Anasema inalia kama birika lenye hasira. Lakini kazi anaifanya: anaisoma ile karatasi ndefu, ananakili majibu ya kila mtu kwenye faili lake kwa mwandiko ule wa kizamani, anagonga muhuri. Karatasi yenyewe inachomwa kila Ijumaa pamoja na takataka za wodi.

Kitu kimoja kidogo. Jumatano iliyopita jina la mgonjwa mmoja liliruka. Majibu yalikuwepo, jina hakuna. Mihuri aligundua, tukaulizia, tukaandika kwa kalamu. Ni nini hicho? Au mashine nazo zinachoka?

Ningekupigia simu ya ofisini, lakini laini ni moja tu na mashine yako imeikalia kama kuku anayeatamia. Basi niandikie. Ule vizuri huko.

Shangazi yako


Kambini
4 Aprili 1993

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimecheka kwa habari ya birika. Mimi ni mzima. Huku baridi ina meno, na chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, lakini kazi ninaipenda. Tunaunganisha stesheni za reli, kompyuta ya kila stesheni izungumze na ya makao makuu kwa laini ya simu. Tumeshamaliza kumi na moja.

Uliwahi kuniuliza modemu inafanya nini, nami nikakujibu kwa haraka kwa sababu nilikuwa na mizigo ya kufunga. Ni mkalimani tu, Shangazi. Kompyuta haijui kusema kwenye simu. Simu inabeba sauti, na kompyuta haina sauti. Modemu ya huku inageuza namba kuwa mluzi, ya huko inageuza mluzi kuwa namba. Ule mluzi wa mwanzo unaosumbua masikio ya Mzee Mihuri ndio kusalimiana kwao. Wanaulizana: wewe unasema kwa kasi gani? Mimi hivi. Basi tuende hivyo.

Watu wakiona plagi imeingia kwenye tundu wanadhani ndoa imefungwa. Kumbe hiyo ni posa tu. Plagi moja ina pini ishirini na tano, na kila pini ina kazi yake iliyokubaliwa na watengenezaji wote wa dunia: huu waya wa kutuma, huu wa kupokea, huu wa kusema niko tayari. Wiki iliyopita nimelala kifudifudi chini ya meza ya mkuu wa stesheni siku nzima kwa sababu mtu alibadilisha waya mbili tu. Mkuu wa stesheni akaniuliza, "Binti, umepotelewa na hereni?"

Ule mstari ulioruka usikusumbue. Pengine ni utepe wa wino umelegea. Mwambie Mzee Mihuri aukaze.

Nisalimie wodi nzima.

Mwanao Chiriku


Nyumbani
9 Mei 1993

Mwanangu,

Marahaba. Natumai baridi imepungua meno. Sisi tunaendelea. Paa la jikoni limeanza kuvuja upande wa bomba, na mafundi wa hapa unawajua, wanakuja kutazama, wanatikisa kichwa, wanaondoka.

Nina habari nzito. Unamkumbuka kinyozi mwenye kibanda mkabala na lango la hospitali, yule aliyekutania kwamba nywele zako zinahitaji jembe? Mkewe amefariki. Alijifungua Jumanne tarehe 20 Aprili, mtoto wa kike, salama, lakini alipoteza damu nyingi. Gari la kupeleka damu maabara lilikuwa limeharibika, likapona Alhamisi, kwa hiyo siku hiyo zilikwenda damu za watu thelathini na mmoja kwa mpigo. Saa tisa majibu yakaja. Faili la mke wa kinyozi likaandikwa kipimo cha damu kumi na mbili. Hiyo ni damu ya mtu mzima kabisa. Daktari akasema, "Huyu hana haja ya kuongezewa, apewe vidonge." Ijumaa saa nne asubuhi aliniomba maji. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshakwenda.

Wiki iliyofuata daktari wa hospitali kubwa alifungua daftari lao. Mke wa kinyozi damu yake ilikuwa nne, mwanangu. Nne. Ile kumi na mbili ilikuwa ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyemfuata kwenye orodha. Na majibu ya huyo mwalimu kwetu hayakuonekana kabisa.

Kamati imeundwa. Wanasema Mzee Mihuri aliruka mstari aliponakili, kwamba macho ya mzee yamechoka. Karatasi ilishachomwa. Yeye anasema neno moja tu: "Niliandika nilichokiona." Watu wanamtazama kwa namna ambayo sipendi kuieleza.

Nakuuliza wewe mwenye elimu yake: mashine inaweza kuruka jina la mtu? Kamati inakaa tena tarehe 28. Nijibu upesi.

Shangazi yako


Kambini
30 Juni 1993

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilitiwa kwenye sanduku la mtu mwingine, halafu nikaugua kifua, halafu tukahamishwa kambi. Sasa sijambo.

Nimesikitika sana kwa habari ya mke wa kinyozi. Nampa pole mumewe, na Mungu amkuze mtoto. Nawe pole, najua jinsi unavyobeba wagonjwa wako moyoni.

Huku tumebakiza stesheni nne. Msimamizi wetu anasema huenda nikapewa kikosi changu mwenyewe mwaka ujao. Chakula cha kambini ni kilekile, ukikiweka sahani ya jana na ya leo huwezi kuzitofautisha.

Kuhusu swali lako, mambo haya ni mapana na yanategemea vitu vingi. Siwezi kusema bila kuona. Ila mwenzangu wa kazini anapita huko akienda kwao, nimempa kifurushi. Ndani kuna kebo mpya ya printa, imara kuliko ile niliyowafungia. Mwambie fundi umeme wa hospitali achomoe ya zamani achomeke hii, ni kazi ya dakika mbili. Ya zamani itupeni, haina kazi tena.

Goti lako linaendeleaje?

Mwanao Chiriku


Nyumbani
27 Julai 1993

Chiriku,

Goti linauma. Asante kwa kuuliza.

Tangu nikuchukue mikononi ukiwa na miaka sita sijawahi kupata barua yako fupi kama ile. Ulikuwa mtoto wa kuulizwa umekula nini ukaeleza mpaka rangi ya sufuria. Nilipoisoma nikajisemea, huyu si Chiriku aliyeandika, ni mtu aliyebanwa na mlango.

Kebo sikuitupa. Nilimwomba fundi umeme anifungulie vichwa vya zote mbili kwa bisibisi. Hakuuliza kitu, ana haraka zake. Mimi nikavaa miwani nikahesabu. Ya zamani ina nyaya tatu. Mpya ina tano.

Jumamosi ofisi ikiwa tupu nilipiga simu maabara ya hospitali kubwa. Nikawadanganya kwamba karatasi ya ile Alhamisi imemwagikiwa chai, tafadhali watume tena. Nikaichomeka kebo ya zamani. Orodha ikaja. Mwanzo wake safi kabisa. Halafu kuanzia jina la kumi na tisa ikaanza kudonoa. Jina la mke wa kinyozi lilikuwepo. Chini yake palitakiwa pawe na majibu yake, halafu jina la mwalimu. Vyote viwili havikuwepo. Yalikuwepo majibu ya mwalimu, kumi na mbili, yamekaa chini ya jina la marehemu kana kwamba ni yake tangu azaliwe. Hakuna nafasi tupu, hakuna doa. Mtu yeyote angenakili vile.

Nikawaomba watume tena. Nikachomeka mpya. Watu thelathini na mmoja, kila mmoja na damu yake.

Sasa nikueleze ya Mzee Mihuri. Kamati ilimkuta na kosa. Polisi walimweka rumande siku nane, wakamwachia angoje kesi. Aliporudi alikuta mlango wake umeandikwa MUUAJI kwa rangi ya mafuta. Mkewe alisugua kwa petroli siku mbili, ikabaki kivuli. Tarehe 11 kiharusi kikamwangusha akiwa ameshika brashi. Upande wote wa kulia umekufa, na ulimi. Mkono wa mihuri ndio huo.

Zile karatasi mbili ziko chini ya godoro langu. Hakuna aliyeziona. Nitakuuliza mara moja tu, nisirudie tena maisha yangu yote: ulijua?

Shangazi yako


Kambini
20 Agosti 1993

Shangazi,

Shikamoo.

Nilijua.

Barua yako ya Machi niliisoma nimesimama mlangoni, na kabla sijamaliza ile sentensi ya jina lililoruka nilishajua ni nini. Nikakaa mezani nikakuandikia kuhusu baridi na mkuu wa stesheni. Nikaandika utepe wa wino.

Naeleza kwa maneno ambayo kamati itaelewa, kwa sababu nataka uwapelekee barua hii.

Printa inaandika polepole, ina kichwa kinachokwenda na kurudi. Kompyuta inatuma kwa kasi zaidi. Kwa hiyo printa imepewa kumbukumbu ndogo, kama kikombe chini ya bomba: herufi zinaingia kikombeni, yenyewe inazinywa taratibu. Kikombe kikikaribia kujaa, printa inatoa ishara kwenye waya wake mmoja. Ishara ile maana yake ni moja tu, ngoja. Kompyuta inangoja. Printa ikishakunywa inasema haya, leta. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa, pini kwa pini, na ndiyo niliyofundishwa wiki ya kwanza ya chuo.

Kebo niliyowatengenezea haikuwa na waya huo. Nilipata kipande cha waya wa simu wenye nyaya tatu nzima: kutuma, kupokea, na ardhi. Kompyuta isiposikia ishara yoyote ya printa inagoma kutuma. Basi nikaidanganya. Ndani ya kichwa cha plagi nililehemu pini za kompyuta zenyewe kwa zenyewe, ikawa kila ikiuliza nitume, inajijibu yenyewe, tuma. Siku zote. Hata kikombe kikifurika. Na kikifurika hakuna kengele, Shangazi, wala moshi, wala harufu. Herufi zinamwagika tu, na zile zinazofuata zinasogea kuziba pengo.

Nilijaribu kwa majina matano. Yakatoka mazuri. Mkapiga makofi, mganga mkuu akanipa mkono. Orodha zenu nyingi zilikuwa fupi, zilienea kikombeni; ile Jumatano ya Machi ilizidi kidogo tu. Mlihitaji tu siku moja yenye watu wengi.

Kwa nini sikusema Machi? Nilikuwa nangoja kupewa kikosi. Niliona aibu. Nilijisemea jina moja limeruka na wameliona, nikipata likizo nitarekebisha kimyakimya. Kwa nini sikusema Mei? Mei kulikuwa na maiti. Nilikaa na barua yako siku arobaini na kitu. Hakuna sanduku la mtu mwingine, hakuna kifua. Nilitengeneza ile kebo mpya kwa mikono hii, nikijua ninatengeneza nini, na nikakwambia uitupe ya zamani.

Mzee Mihuri hakuruka mstari. Wape barua hii. Usiniombee chochote.

Mwanao


Nyumbani
12 Septemba 1993

Mwanangu,

Marahaba.

Umeniambia lako, sasa lipokee langu, kisha tutajua nani wa kumsamehe nani.

Ile Alhamisi, saa tisa na nusu, Mzee Mihuri alinifuata wodini na karatasi mkononi. Akaniambia, "Sista, damu zilikwenda thelathini na moja, majina nimehesabu ishirini na nane. Tupige simu tuulize." Nami nilikuwa na akina mama wawili wenye uchungu na daktari anayepiga kelele. Nikamwambia, "Mzee, hao watatu watakuja kesho. Andika waliopo. Mashine haikosei, ameifunga mwanangu." Akanitazama. Akasema, "Mimi nimeshasema." Akaenda kuandika.

Na halafu kuna hili, ambalo hata Mihuri halijui. Mimi ni muuguzi wa miaka ishirini na tisa. Jioni ile nilimfunua mke wa kinyozi ukope wa chini, na ulikuwa mweupe kama karatasi ya barua hii. Viganja vyake vyeupe. Macho yangu yaliona nne. Faili likasema kumi na mbili. Nikaliamini faili, nikaona niyashuku macho yangu, kwa sababu ya majivuno, mwanangu. Kwa sababu ya mashine ya mtoto wangu.

Mbele ya kamati waliniapisha. Mwenyekiti akauliza, "Karani alikueleza jambo lolote siku hiyo?" Nikajibu, "Hapana." Mihuri alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu. Hakupinga. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeona ndugu yake anaiba sokoni. Nilijiambia namlinda Chiriku. Uongo. Nilikuwa najilinda mwenyewe, na wewe nilikufanya kuwa shuka la kujifunikia.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa mganga mkuu na barua yako, zile karatasi mbili, na kebo zote mbili. Aliposoma mpaka mwisho alivua miwani. Akasema, "Sista, unajua unajipeleka wapi?" Nikasema najua. Akasema, "Ungeweza kuleta barua peke yake. La kwako halijaandikwa popote." Nikamwambia ndiyo maana nimekuja kulisema kwa mdomo.

Nimeshtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Kesi ni mwezi ujao.

Kutoka pale nilikwenda kwa Mzee Mihuri. Mkewe alinifungulia akaniachia njia bila salamu. Nilipiga magoti kando ya kitanda, goti lile lile, nikamsomea barua yako neno kwa neno, halafu nikamwambia la kwangu. Jicho lake la kushoto lilikuwa linanitazama. Nilipomaliza aligeuza uso ukutani. Ilimchukua muda kwa sababu shingo haimtii, na alikataa mkewe amsaidie. Mkewe akaniambia, "Ameelewa. Sasa nenda."

Kinyozi bado hajui kwa kinywa chetu. Amesikia ya barabarani. Nilikwenda mara mbili, mara mbili nikaishia kwenye lango la hospitali, nikitazama mgongo wake akinyoa watu.

Sikuiti wala sikukatazi kuja.

Shangazi yako


Nyumbani kwako
28 Novemba 1993

Shangazi,

Shikamoo. Askari wa mapokezi ya gereza ameniambia barua zote husomwa kabla ya kukufikia. Wasome tu.

Najua ulikataa kuniona siku ya wageni. Sikulaumu. Nilikuachia sabuni, dawa ya goti na soksi mbili nzito. Kama hazijakufika, uliza. Miezi sita si mingi, wenzangu wananiambia, lakini wenzangu hawalali sakafuni na goti kama lako. Nimekaa chumbani kwangu, vile viti viwili nimevipigilia misumari vinakalika. Paa la jikoni nimelipanda mwenyewe. Halivuji tena.

Kazi ya reli nimeiacha. Msimamizi alinisihi nibaki, sikumweleza sababu. Nilipofika nilikwenda polisi siku ya kwanza, nikamwambia inspekta kebo niliitengeneza mimi. Akatafuta kwenye daftari la hospitali nusu saa. Akanigeuzia nisome mwenyewe. Imeandikwa: kebo moja, msaada. Hakuna jina, hakuna mkataba, hakuna saini. Akafunga daftari. "Sina pa kukushikia," akasema. "Nenda nyumbani." Nilikaa pale kwenye benchi mpaka wakanifukuza.

Mzee Mihuri amesafishwa jina. Hospitali ilimwandikia barua ya kurasa mbili kwamba hakuwa na kosa. Mkewe alipoifungua akakuta haina muhuri. Akawarudishia. Akawaambia mume wangu hapokei karatasi ya hivyo. Wakaigonga. Sasa imebandikwa mlangoni, juu ya kile kivuli cha rangi. Mzee hasemi, na hanitaki chumbani. Nawafulia nguo. Mkewe anaziacha nje ya mlango, mimi nazirudisha nje ya mlango.

Jumanne nilikwenda kwa kinyozi.

Nilikwenda saa nne asubuhi. Alikuwa na mteja kitini na wawili wanangoja kwenye benchi. Mtoto alikuwa amelala kwenye sanduku la mbao chini ya kioo, ana miezi saba, ana nywele nyingi. Nikasimama mlangoni. Akaniona kwenye kioo, mkono ukasimama. Mteja akauliza vipi. Akamwambia, "Ngoja." Akaweka mashine ya kunyolea juu ya rafu.

"Ni wewe fundi," akasema.

Nikasema ni mimi.

"Nimeambiwa na mganga mkuu. Nimeambiwa na polisi. Kila mtu ananieleza kuhusu nyaya, na mimi sielewi nyaya. Nieleze wewe."

Nilikuwa nimebeba ile kebo ya nyaya tatu. Mganga mkuu aliniruhusu. Nikafungua kichwa cha plagi pale kwenye kaunta yake, kati ya chanuo na unga wa kujipaka, nikamwonyesha. Huu ulipeleka. Huu ulirudisha. Huu ni wa ardhi. Hapa palitakiwa pawe na waya wa kuiambia kompyuta ingoje, mimi sikuuweka. Hapa nililehemu ili isijue kwamba haupo. Nikamweleza jina la mkewe liliingiaje na majibu yake yalimwagikaje. Yeye alisikiliza kama mtu anayefundishwa njia ya kwenda mahali. Alikigusa kile kidonge cha risasi ya kulehemu kwa ncha ya kidole.

"Huo waya uliokosekana," akasema. "Haupatikani?"

"Unapatikana."

"Wapi?"

"Pale pale mjini. Duka la vifaa vya redio, karibu na posta."

"Kwa nini hukununua?"

Nikamwambia ukweli, Shangazi, ambao hata kwenye ile barua sikuuandika kwa sababu ni mdogo mno, niliona aibu kuuandika. Ilikuwa Jumapili. Duka lilikuwa limefungwa. Nilikuwa na tiketi ya Jumapili jioni. Jumatatu saa mbili duka lingefunguliwa, na ningeweza kuibadilisha tiketi, walikuwa wanakubali. Nilitaka kuwahi.

Mtoto alijigeuza ndani ya sanduku. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige.

"Kwa hiyo ni siku moja," akasema.

"Ndiyo."

"Siku moja," akasema tena, lakini si kwangu.

Akachukua mashine yake ya kunyolea, akaipuliza nywele, akamrudia mteja. Nilibaki nimesimama na kebo mkononi mpaka akamaliza kichwa kile, akakipangusa, akamwita aliyefuata. Huyo alipokuja kukaa ilibidi nisogee, kwa kuwa nilikuwa nimesimama njiani.

Mwanao